Barua Iliyojua Jina Langu Vizuri

Kosa ni langu. Nataka hilo lisomwe kwanza, kabla mtu hajaanza kunionea huruma. Sikunyang'anywa na mtu mwenye rungu. Niliibiwa mchana, nimekaa kwa kiti changu, miwani machoni, na bahasha ya mwizi nikaifunga kwa mate yangu mwenyewe.

Jina sitaandika. Watu wa Kambu wakisoma watanijua, na wajue tu. Wewe mwingine nijue kama mzee mwenye mashini ya kusaga. Shule nilisoma madarasa mawili, la tatu likanishinda kwa njaa. Kusoma najua, polepole, kidole kikitangulia. Kuandika pia najua, ndiyo maana hii naiandika kwa mkono wangu. Msichana wangu ni mwalimu na alitaka aniandikie. Nikamwambia, wakati wa kukosea sikukuita, wacha na wakati wa kukiri nisikuite.

Nilitoka kwetu Nuu kwa miguu mwaka ule mbuzi walikuwa wanakula nyasi za paa. Nikafika Makindu na shati moja. Nikachota maji kwa punda wa mtu, nikala kwa hekalu la Singasinga pamoja na wasafiri, pale ambapo hawakuulizi wewe ni nani, wanakuuliza kama umeshiba. Baadaye nikapata punda wangu. Punda wakawa wanne. Wanne wakawa mashini ya kusaga pale Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, na jina langu nikaliandika kwa rangi ukutani, herufi kubwa nyekundu, mtu wa lori alisome bila kupunguza mwendo. Hakuna mtu alinishika mkono. Hilo nilikuwa nalisema kila siku, hata kwa wale wasiouliza.

Hilo jina nataka ulielewe, kwa sababu ndilo lilinimaliza. Lina ile sauti yetu Wakamba, s na y zimeshikana. Watu wa kwingine hawaiwezi. Wakisema, wanasema sh. Wakiandika, wanaandika sh. Mimi sikuwa nawasamehe. Mchuuzi akiniita vibaya nilikuwa namwacha asimame na gunia lake hapo mlangoni mpaka aseme sawasawa.

Sasa dada yangu. Nimwite Kalekye, ingawa si jina lake. Mume alimfia huko Nuu na mashemeji wakamwonyesha njia. Akaja kwangu na mbuzi tisa. Wakati huo kampuni yetu ya ranchi ilikuwa inauza hisa. Mzungu alikuwa ameondoka, wenyeji wakaungana wakainunua ile ranchi, na kila mwenye hisa aliahidiwa kupimiwa shamba lake siku moja. Kalekye akauza mbuzi wote tisa. Hakubakisha hata mmoja wa maziwa ya chai. Lakini ofisini walitaka jina la mwanamume, siku hizo ilikuwa hivyo, na likaandikwa langu.

"Ni sawa," akaniambia. "Jina lako, jembe langu."

Na jembe lilikuwa lake kweli. Alihamia pale akachimba fanya juu, ile mitaro ya kutupa udongo upande wa juu ili maji yasikimbie. Alichimba peke yake, mtaro baada ya mtaro, miaka. Kilima kilichokuwa mawe na miiba kikaanza kutoa ndengu na mbaazi. Nikienda kumtembelea alikuwa ananipitisha mtaro kwa mtaro, kama mtu anayekuonyesha vyumba vya nyumba yake.

Cheti cha hisa nilikaa nacho mimi. Nikakitia kwa fremu ya kioo, nikakitundika ndani ya mashini, juu ya mizani, kila anayeleta mahindi akione. Mtu wa madarasa mawili, mwenye hisa. Wakiuliza ni nini, naeleza. Wasipouliza pia naeleza.

Halafu ikaja barua ya kwanza. Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya themanini.

Bahasha ya kaki. Barua imepigwa taipu, nusu ya herufi zimefifia kama wino ulikuwa unaisha. Ilisema rejista ya wanachama inasahihishwa kabla ya wapima ardhi kuja. Mwanachama nambari fulani afike mwenyewe ofisini Makindu na cheti chake na kitambulisho, viangaliwe, arudi navyo nyumbani. Basi. Hakuna salamu. Hakuna hata neno mzee. Hakuna muhuri. Na jina langu limeandikwa kwa sh. Tena limegeuzwa, la baba mbele, langu nyuma.

Damu ikanipanda. Nikamwita jirani yangu Nzioka, fundi wa baiskeli, mzee mwenzangu.

"Angalia wezi hawa," nikamwambia. "Hata jina hawalijui."

Akaigeuza geuza. "Si pengine ni karani tu?"

"Karani gani wa kampuni yangu hanijui? Mimi niko nao tangu siku ya kwanza."

"Basi nenda uwaulize. Makindu si Mombasa."

"Niende kuuliza kama mimi ni mimi?"

Nzioka akacheka. "Wewe jina lako litakuua," akasema, akarudi kwa baiskeli zake. Alikuwa anatania. Mimi nikaichukua ile barua nikapangusia grisi ya mashini. Ilipangusa vizuri.

Jumapili ya pili yake, kanisani, katibu alisimama kusoma matangazo. Akasema kampuni imetuma karatasi. Wanachama wajihadhari, kuna watu wanaandika barua za uongo kuhusu hii kazi ya rejista. Akavuta pumzi aendelee.

Mimi nikasimama.

Nisikilize hapo vizuri. Katibu alikuwa hajamaliza. Karatasi ilikuwa na nusu nyingine, na alikuwa ameishika mkononi.

"Mimi hiyo ya uongo nimeshaipata," nikasema, "na nimeijua kwa macho haya haya ya madarasa mawili. Wamekosea jina. Mwizi hakujui. Ukiona jina lako limeandikwa ovyo, hiyo ni ya wezi. Yangu mimi nimepangusia grisi."

Kanisa likacheka. Wamama wengine wakapiga makofi kidogo. Pasta akasema amina, mzee ametufundisha, akaanzisha wimbo kwa sababu saa ilikuwa imeenda. Katibu akakunja karatasi yake. Baadaye aliibandika mlangoni mwa kanisa. Nilipita hapo Jumapili baada ya Jumapili. Sikuona haja ya kusoma jambo ambalo mimi ndiye nilikuwa nimelifundisha.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya pili.

Hiyo sasa ilikuwa barua. Bahasha nyeupe, nzito, karatasi inalia ukiikunjua. Muhuri wa zambarau, si mmoja, miwili. Ndani kuna bahasha nyingine ya kurudishia, imeshabandikwa stempu, imeshaandikwa sanduku la posta la Nairobi. Na juu kabisa: "Kwa Mutumia," hilo neno letu la mzee anayeheshimika, halafu jina langu. S na y, zimeshikana kama zilivyo kinywani mwa mama yangu. Langu mbele, la baba nyuma. Hata lile la utani, lile wateja wananiita pale kwa mashini, lilikuwepo.

Nikaisoma mara tatu. Ilisema wazee waanzilishi kama mimi kampuni haitaki kuwasumbua wapange foleni na vijana. Nikae nyumbani nipumzike. Nitume tu cheti chenyewe, nakala ya kitambulisho, na fomu iliyoambatanishwa, yenye kidole changu na kidole cha yule anayekaa shambani. Sehemu ya juu ya fomu niiache wazi, itajazwa ofisini. Na vitu hivyo visipofika kwa siku kumi na nne, jina langu litafutwa na hisa ipewe mwingine.

Siku kumi na nne. Barua yenyewe ilikuwa imekula tano njiani. Niliona Kalekye ametupwa nje ya mitaro yake kwa sababu ya uzembe wangu mimi. Haki ya Mungu, nilifanya haraka ile kwa ajili yake.

Nikakitoa cheti kwa fremu kwa bisibisi, nikakikunja bila kukisoma. Mtu hasomi cheti chake, anakitazama tu. Na ile barua, kwa kuwa ilikuwa na jina langu vizuri namna ile, nikaitia kwa fremu mahali pa cheti, nikaitundika tena juu ya mizani. Ndiyo, umesoma sawa. Barua ya mwizi niliitia kioo.

Kesho yake nikaweka kidole changu kwa fomu, nikachukua pedi ya wino nikaenda kwa Kalekye. Nilimkuta anapura ndengu, fimbo mkononi, makapi kwa nywele. Nikamsomea yote. Alisikiliza amesimama.

"Hebu soma tena pale mwanzo," akasema.

Nikasoma.

"Hawa wanakujua sana."

"Wananijua ndiyo. Mimi ni mwanzilishi."

"Hapana, mwana wa mama. Wanakujua kama mtu aliyekaa kwako akala. Mimi nilipoenda kuchukua kitambulisho, baba yetu aliandikwa jina la mwanamke. Hospitali naitwa Kareke mpaka leo. Ofisi gani hiyo inajua na jina la utani?"

"Wewe hata a huijui, na unanifundisha barua?"

"A siijui. Lakini masikio ninayo. Hiyo barua imekusalimia, ikakusifu, halafu ikakutisha. Yule muuza dawa wa sokoni husema hivyo hivyo, na dawa yake ni majivu."

"Leta kidole."

"Nikiweka kidole natoa nini?"

"Hutoi kitu. Unasahihisha."

"Nasahihisha nini? Kwani mimi nimekosea wapi?"

Nilimshika mkono. Hii ndiyo nimekuja kuungama, hayo mengine yote ni maelezo. Nilimshika dada yangu mkono kwa nguvu, yule yule aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, nikakitia kidole chake kwa wino. Kilikuwa kimepasuka kwa jembe, wino ukaingia ndani ya nyufa. Nikakikandamiza kwa ile karatasi kama mtu anayeua kupe.

"Haya," akasema, akajipangusa kwa leso. "Wewe ndiye mwenye jina."

Akarudi kwa ndengu zake. Mimi nikaenda posta Makindu, nikailamba ile bahasha, nikaitumbukiza kwa sanduku. Nikanunua soda nikainywa nimesimama pale pale nje, mtu aliyemaliza kazi.

Miezi ikapita. Nikasikia wapima ardhi wamekuja, wana darubini zao na bendera ndogo ndogo. Siku ya kusomwa majina nilivaa koti. Tulikaa uwanjani kwa ofisi ya kampuni, wanachama wote, na nambari zikawa zinaitwa kwa utaratibu. Yangu ikaitwa. Nikasimama. Lakini jina lililoitwa nyuma ya nambari halikuwa langu, wala kwa s na y, wala kwa sh. Lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Na mtu mwingine kabisa akasimama kule nyuma, ameshika kofia.

Nikaingia ofisini. Karani alikuwa kijana wa adabu. Alinipa kiti chake akasimama yeye. Ningependa angenitukana, ingekuwa rahisi. Akafungua faili.

"Mzee, uliuza."

"Sikuuza."

"Hiki cheti ni chako?"

"Ni changu."

"Hii nakala ya kitambulisho?"

"Yangu."

"Na hiki si kidole chako?"

Nikakitazama. Mtu anakijua kidole chake. Changu kina kovu la kamba ya punda, limekata katikati. "Ni changu," nikasema.

"Na hiki cha mkaaji?"

Kilikuwa cha Kalekye, na nyufa zake zote. Kimepinda kidogo kwa sababu alikuwa anauvuta mkono. Na pale juu ya vidole, pale nilipoambiwa niache wazi nikaacha wazi, palikuwa pamejazwa: nimeuza kwa hiari yangu, na mkaaji amekubali kuhama.

"Lakini nyinyi ndio mliniandikia," nikamwambia.

"Tulikuandikia barua moja, mzee. Tukakungoja. Hukuja."

"Ile ilikuwa na jina la uongo."

Akakigeuza cheti changu pale mezani, kikanielekea. Nikaweka kidole nikasoma, herufi kwa herufi.

Sh. La baba mbele, langu nyuma.

Siku ile tulipojiandikisha, karani wa kwanza, mtu wa kutoka mbali, aliandika alivyosikia. Kampuni haikuwahi kunijua kwa jina lingine tangu siku hiyo. Miaka yote hiyo lilikuwa juu ya kichwa changu nyuma ya kioo, nikilionyesha watu, nikilieleza. Barua ya kweli ilikuwa lazima ikosee jina langu. Kukosea ndiko kulikuwa muhuri wake. Na ile iliyopatia ilipatia kwa sababu haikutoka kwa rejista yoyote, ilitoka ukutani kwangu.

Nimefikiri sana ni nani. Kulikuwa na mtu mmoja wa viatu safi, alikaa kwa benchi la mashini siku mbili akisema anangoja gari la mizigo. Nilimpa chai. Aliuliza ile fremu ni ya nini, nikamweleza mpaka akachoka. Nambari aliisoma mwenyewe juu ya mizani. Jina alilisoma nje, nyekundu. La utani alilisikia kwa wateja. Na habari za Kalekye kukaa shambani, hizo nilimpa mimi. Ukiangalia vizuri, barua ile niliiandika mimi, yeye alinakili tu. Au pengine si yeye. Sina hakika, na sitakuwa nayo.

Nilienda polisi. Wakaniandikia maelezo, wakasema niweke kidole hapo chini. Mkono ulikataa. Nilikaa pale na kidole changu hewani kama mtoto anayeomba ruhusa, mpaka askari akanisomea yote tena, taratibu, ndipo nikaweka. Ile barua nzuri waliichukua iwe ushahidi. Sanduku la posta la Nairobi lilikuwa limefungwa. Aliyeandikwa kununua kwangu hajulikani yuko wapi, na alikuwa ameshauzia mwingine, na huyo mwingine ndiye yule wa kofia.

Huyo naye ningependa awe mtu mbaya. Si mbaya. Ni mtu aliyehamia kutoka mkoa wa kati huko, mpole, ana mke na watoto, aliuza kipande cha shamba la baba yake ili apate hapa. Karatasi zake zote ni halali. Alikuja na nguzo za ua kwa mkokoteni, akavua kofia mbele ya Kalekye.

"Mama," akamwambia, "vuna ndengu zako kwanza. Sisi tunangoja."

Akavuna. Nilienda siku ya kumhamisha, nimemleta punda. Nilimkuta ameshafunga vitu vyake, ni kifurushi tu na jembe. Lakini hakuwa nyumbani. Alikuwa juu kule kilimani na mke wa yule mtu, wanapita mtaro kwa mtaro.

"Huu wa tatu," nilimsikia anamwambia, "huwa unavunjika upande huu wa mgunga. Mvua ikianza, anza na huu. Usingoje asubuhi."

Yule mwanamke alikuwa anaitikia, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama," na machozi yanamtoka. Kalekye hakulia. Mimi nilibaki chini na punda. Sikuwa na mahali pa kuweka mikono yangu.

Sasa anakaa chumba cha nyuma ya mashini. Nilimwambia mashini ni yake, achukue, niandike mbele ya pasta. Akaniangalia. "Mashini huotesha nini?" akaniuliza. Mvua ikinyesha anatoka anasimama mlangoni, anasikiliza upande ule wa kilima. Ni mbali, huwezi kusikia kitu. Yeye anasikiliza tu. Mimi nazima mashini ili asikie hicho kitu ambacho hakisikiki. Ndilo jambo pekee ninaloweza kumfanyia.

Nilirudi kanisani nikaomba nafasi ya kusema. Nikawaambia, ile siku niliwafundisha uongo. Nikamwomba katibu alete ile karatasi, ilikuwa bado mlangoni, imegeuka rangi kwa jua. Nikamwambia soma ile nusu niliyokukatiza. Akasoma: Kampuni haitakuomba utume cheti kwa posta. Haitakuomba uweke kidole kwa fomu ambayo haijajazwa. Ukiwa na shaka, njoo ofisini. Mistari mitatu. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Nashukuru Mungu kwamba kati ya waliofuata fundisho langu, mimi ndiye wa kwanza na wa mwisho.

Jina langu ukutani nimelipaka chokaa mara mbili. Ile nyekundu inarudi.

Sasa wewe unayesoma, na hasa wewe mzee mwenzangu uliyejitengeneza mwenyewe, usidhani umekingwa. Barua ikija ya kusahihisha jambo lako, usiangalie muhuri, muhuri unachongwa. Usiangalie uzuri wa karatasi. Toa ile karatasi yako ya zamani, ile ya kwanza, uziweke pamoja, uone kama zinazungumza lugha moja, na makosa yake yakiwemo. Anayekuita vizuri kupita ofisi, muulize amekujulia wapi. Anayekuhesabia siku, mwache azihesabu peke yake, wewe panda gari uende ukauone mlango wake. Usiweke kidole chini ya mahali patupu, hata kama aliyekuletea ni ndugu yako. Na kama kuna mtu nyumbani mwako asiyejua kusoma na anakwambia barua hii haisikiki vizuri, nakuomba, nyamaza umsikilize.

Mwezi uliopita imekuja barua nyingine. Bahasha ya kaki. Sikuifungua. Nikaenda nayo chumba cha nyuma, Kalekye alikuwa amekaa kwa kigoda na ungo mapajani.

"Wamekuandikaje?" akauliza.

"Vibaya. Kwa sh."

"Basi ni wenyewe. Fungua."

Nikafungua nikamsomea, kidole kikitangulia. Wanasema wamelichunguza jambo langu. Wanasema wanasikitika. Wanasema kwa kuwa vidole ni vyetu na cheti ni chenyewe, hakuna la kufanya, na faili imefungwa.

"Angalau hii ni ya kweli," akasema, akainamia ungo akaendelea kuchagua mawe kwenye ndengu. Ndengu za kununua.